Mageuzi ya Bima ya Afya (3): Mfuko Mmoja wa Kirgizistan

Katika makala mbili zilizotangulia tuliona jinsi Hungaria, Ucheki na Estonia zilivyoachana na utaratibu wa Kisovieti kwa kukata mishahara ili kuchangia bima. Njia hiyo hudai waajiri wengi na mishahara inayojulikana. Kirgizistan, nchi ya milima iliyopata uhuru mwaka 1991, haikuwa na kimoja wala kingine. Viwanda vilikuwa vimefungwa, na wananchi wengi walikuwa wakulima na wafugaji.

Walichorithi ni hospitali tele. Zamani hospitali ilipewa fedha kwa kuhesabiwa vitanda, kwa hiyo mganga mkuu aliyepunguza vitanda alijikatia bajeti mwenyewe. Fedha chache zilizokuwapo ziliishia kwenye kupasha majengo joto wakati wa baridi. Mgonjwa akaagizwa aje na dawa, sindano, chakula, hata shuka. Kisheria matibabu yalikuwa bure, lakini wodini watu walilipa.

Mfuko wa Bima ya Afya ya Lazima uliundwa mwaka 1996, ukaanza kazi mwaka uliofuata. Makato ya mishahara yalikuwa madogo, na wachambuzi wengi huishia kujadili hayo. Mimi naona kiini kiko kwingine. Mwaka 2001, katika mikoa ya Issyk-Kul na Chui, fedha za kodi zilizokuwa zikishikwa na kila wilaya kivyake zilikusanywa mkoani na kukabidhiwa Mfuko huo. Mlipaji akawa mmoja. Naye hakulipia vitanda tena, alilipia mgonjwa aliyetibiwa, kwa kadiri ya ugonjwa wake. Hapo ndipo kumiliki majengo mengi kulipogeuka hasara, na mengi yakafungwa au kubomolewa. Mgonjwa aliyelazwa alichangia kiasi kilichotangazwa wazi na kupewa stakabadhi. Maveterani wa vita walisamehewa. Kufikia 2004 utaratibu ulikuwa umeenea nchi nzima, na mwaka 2006 fedha zikaunganishwa kitaifa ili mikoa maskini isitegemee kodi zake pekee.

Malipo ya kando yalipungua miaka ya mwanzo, ila hayakwisha, maana mishahara ya madaktari ilibaki midogo. Uchungu mkubwa zaidi uko kwenye dawa. Mwenye shinikizo la damu halazwi, lakini humeza vidonge kila siku, na ingawa Mfuko humpunguzia bei ya baadhi, sehemu kubwa huitoa mfukoni mwake. Sehemu ya nne itahusu dawa hizo.