Harufu mbaya katika tarumbeta kuukuu: chanzo chake na namna ya kuiondoa

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, sikukuu haikamiliki pasipo matarumbeta. Desturi hiyo ililetwa na wamisionari wa Kijerumani. Hadi leo vijana hujifunza kwa ala ambazo baadhi yake zimerithiwa kutoka kwa wapigaji waliowatangulia, na nyingine zimeletwa kama msaada kutoka Ulaya zikiwa tayari kuukuu. Anayekabidhiwa ala ya namna hiyo mara nyingi hukutana na harufu kabla hajatoa sauti ya kwanza.

Harufu hiyo haitokani hasa na madini ya ala, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Pumzi ya mpigaji ina joto na unyevu. Inapogusa bomba lililo baridi zaidi, hugeuka kuwa matone ya maji. Matone hayo huchanganyika na mate, mabaki ya chakula na mafuta ya zamani, yakafanya utando laini ndani ya bomba. Humo ndimo bakteria na kuvu hustawi.

Jambo hili si la kero ya pua peke yake. Mwaka 2010, jarida la kitabibu la Chest la nchini Marekani lilichapisha taarifa ya mpiga tromboni aliyekuwa amesumbuliwa na kikohozi kwa miaka 15. Ndani ya ala yake mlikutwa kuvu na bakteria, naye alipata nafuu baada ya kuanza kuisafisha mara kwa mara. Visa kama hivyo ni nadra, lakini vinaonesha kwamba kilichomo ndani ya bomba kinaweza kufika mapafuni.

Kwa hiyo manukato hayasaidii, kwani huificha harufu na kuuacha utando mahali pake. Njia ya kufaa ni kuosha. Kwanza ala hufunguliwa, na kila pistoni huwekewa alama ili irudishwe katika tundu lake. Vipande vya sufi na vya kizibo huondolewa, maana maji huviharibu. Sehemu za shaba hulowekwa kwa takriban nusu saa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini ya vyombo, kisha mabomba husuguliwa ndani kwa brashi ndefu inayopindika. Husuuzwa hadi maji yatoke safi, hukaushwa, mabomba ya kuvuta hupakwa grisi na pistoni hutiwa mafuta yake maalumu.

Yapo mambo matatu ya kuepukwa. Maji yanayochemka hubandua vanishi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huila shaba. Na bomba lililokwama lisigongwe wala kulazimishwa kwa koleo. Hiyo ni kazi ya fundi. Fundi aitwe pia iwapo yanaonekana madoa ya rangi ya waridi kwenye shaba, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba zinki inatoweka na bomba linadhoofika. Kuosha hakuwezi kurudisha madini yaliyokwisha kuliwa.

Mara nyingine ala huoshwa vizuri, lakini baada ya siku chache harufu hurejea. Hapo sanduku ndilo la kuchunguzwa. Kitambaa kilichomo ndani yake hunyonya unyevu kwa miaka mingi na kuota ukungu. Lisafishwe kwa brashi kavu nje ya nyumba, liachwe wazi juani siku kadhaa, kisha liwekewe mkaa uliofungwa katika kitambaa ili kufyonza harufu iliyobaki. Ikiwa ukungu umepenya hadi kwenye gundi, ni heri kitambaa kizima kibadilishwe.

Baada ya hapo, utunzaji ni mwepesi. Mpigaji asukutue kinywa kabla ya mazoezi, amwage maji yote ndani ya bomba anapomaliza, na aiache ala ikauke kabla ya kuifungia. Kipande cha kuwekea mdomo kioshwe kila wiki, na pale ala moja inapotumiwa na wengi, kila mmoja awe na chake. Gharama yake ni ndogo, nayo humpa mwanafunzi ajaye tarumbeta analoweza kulipuliza bila hofu.