Mgeni Akija Mbulu na Hanang, Tumlishe Nini?

Katika Uswisi, nchi ya milima ya Alpi, kuna chakula kiitwacho fondue. Jibini huyeyushwa pamoja na divai katika chungu juu ya moto mdogo, kisha watu hukizunguka chungu, kila mmoja na uma wake mrefu, wakichovya vipande vya mkate. Wageni hutoka Marekani na Japani kwenda kukila, nao hulipa fedha nyingi. Lakini ukiuliza asili yake utaambiwa kwamba ni chakula cha watu wa milimani wakati wa baridi: mkate uliokauka na jibini iliyobaki. Wala hakikupata sifa yake hivi hivi. Katika miaka ya 1930 chama cha wauza jibini cha nchi ile ndicho kilichokitangaza huku na huko kuwa chakula cha taifa, maana jibini ilikuwa nyingi na wanunuzi wachache.

Nimeanza na chungu hicho kwa sababu sisi wa Mbulu na Hanang tuna milima, tuna baridi, tuna ng'ombe wa maziwa, na vyakula vya namna hiyo hiyo tunavyo. Lakini mgeni akija twavificha. Twampikia wali, twamtuma mtoto dukani akalete soda. Heshima ni njema, ila mgeni aliyetoka Ulaya soda anazo kwao. Na wale wapitao na motokaa za kampuni ndio hatuwapati kabisa: hula njiani chakula walichofungiwa hotelini Arusha, yaani paja la kuku, yai, ndizi na maji ya chupa. Mtu apita wilaya nzima asinunue hata yai moja la kijiji.

Basi leo nataka nikushike mkono, msomaji, tuizunguke nchi yetu kama wafanyavyo wageni, tukitazama na kula. Huenda mengi wayajua. Jaribu kuyatazama kama mtu asiyeyajua.

Kwanza neno moja juu ya kazi yenyewe. Aliyeifanya ijulikane ni Mwingereza Thomas Cook, fundi seremala, ambaye mwaka 1841 aliwapakia watu kama 500 katika gari moshi kutoka Leicester kwenda Loughborough, kwenye mkutano wa watu wasiokunywa pombe, nauli shilingi 1. Mwaka 1863 akawaongoza wenzake mpaka Uswisi. Siku hizo Waswisi wengi wa milimani walikuwa maskini, hata wakawa wakihama kwenda Amerika kutafuta maisha. Wageni wakataka mahali pa kulala, wakataka chakula, wakataka nyumbu wa kuwapandisha na mtu wa kuwaonyesha njia, na vitu hivyo vyote vilikuwa mikononi mwa wenyeji. Kampuni ya Cook ilifilisika mwaka 2019. Waswisi bado wana milima yao na jibini yao.

Sasa twende. Tuanzie Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu ulipotengwa na Arusha mwaka 2002. Ziwa li karibu na mji, lina viboko, na samaki wake hukaangwa papo hapo. Katika miaka ya 1990 Bodi ya Utalii, pamoja na shirika la Waholanzi liitwalo SNV, walianzisha mpango wa kuwapeleka wageni vijijini, na upande huu wetu ulikuwamo. Wenzetu wa Mto wa Mbu ndio walioushika sana: huko akina mama huwapikia wageni chakula cha mchana kijijini, na mgeni hulipa. Jambo hilo si ndoto basi, lafanyika umbali wa saa chache tu.

Kutoka Dareda njia yaupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo juu msimamishe dereva, mshuke, mgeuke nyuma. Mashamba yote ya chini yaonekana kama mkeka uliotandikwa, na upande wa kusini Hanang umesimama peke yake. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulichora ramani ya Alpi pamoja na mito yake. Msitu wa Nou, ulio juu ya ukuta huu na unaotupa maji sisi na walio bondeni, hatukuuchora hata mara moja. Mpeleke mgeni akauone, atembee kidogo chini ya miti ile mirefu yenye ndevu za kuvu, asikie baridi ya Afrika ambayo watu wa kwao hawaamini kwamba ipo.

Ukifika Dongobesh pua itakuambia mwenyewe. Ni nchi ya vitunguu saumu. Wakati wa mavuno vimefungwa mafungu mafungu na kutundikwa. Hapa sina maneno mengi. Mwache mgeni anunue, tena kwa mwanamke aliyelima.

Sasa Mbulu mjini, na kutoka hapo mpaka Kainam, kwenye mashina ya Wairaqw, mahali wanapopaita wenyewe Irqwar Da'aw. Ni vilima juu ya vilima, kila kipande kimelimwa, matuta yamekingwa maji yasiondoe udongo, na samadi ya ng'ombe hurudishwa shambani. Wataalamu wamekuja kutoka mbali kuandika vitabu juu ya ukulima huu. Nyumba za zamani zilichimbwa ubavuni mwa kilima, na paa lake la udongo likawa sawa na nchi, hata adui wa kuiba ng'ombe angeweza kupita asiione. Zimebaki chache mno. Kijiji chenye nyumba moja ya namna hiyo kisiiache ianguke.

Hapa ndipo pa kula. Ugali wa mtama au wa mahindi, majani ya maboga, maharage, na maziwa mgando kutoka katika kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto. Ile ladha ya moshi, ambayo watoto wetu wa shule wameanza kuionea haya, ndiyo mgeni atakayoikumbuka akiwa kwake. Jibini ya Uswisi nayo yanuka, tena sana, na hakuna anayeomba radhi kwa sababu hiyo. Nasisitiza neno moja kwa akina mama: maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe, kwa sababu maziwa mabichi huleta homa ya kutupa mimba ya mifugo, nayo huwapata wenyeji sawasawa na wageni. Maji ya kunawa yawe ya moto na sabuni iwepo. Na bei itajwe kabla ya mgeni kukaa. Wako wanaoona haya kutaja bei ya chakula, wakisema chakula hakiuzwi kwa mgeni. Mgeni wa ukoo, kweli. Lakini huyu ameilipa kampuni iliyomleta, ameilipa hoteli, amemlipa dereva. Kwa nini aliyepika ndiye afanye kazi bure?

Na wazee wawepo. Wakimsalimu mgeni kwa kwao, "Saita," naye akajifunza kuitika, amepata kitu ambacho hoteli haina. Pombe ya mtama, buura, ikiwapo, iwe ya kuonja; sitaki kusikia kwamba nimewafundisha watu ulevi.

Hapa nieleze jambo la lugha, maana wachache hulifikiri. Waswisi hujivunia kwamba nchi yao ndogo ina lugha 4 za taifa: Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia na Kiromanshi. Hizo zote 4 ni ndugu wa ukoo mmoja mkubwa. Kwetu, ukitoka Mbulu ukashuka hata mipaka ya Singida, utakutana na Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga, ambao yao ni ya Kiniloti. Wanyiramba, ambao ni Wabantu. Na Wahadzabe, ambao lugha yao ya kubofya ulimi haijapata kuonekana ndugu yake popote. Koo 4 za lugha, na zote hukutana katika mnada mmoja. Kiongozi wa wageni asiyelisema jambo hili amemnyima mgeni nusu ya safari.

Wahadzabe wako chini katika bonde la Yaeda, watu elfu moja na kidogo tu, baadhi yao wakiishi kwa mizizi, matunda, ubuyu, nyama ya porini na asali. Kiongozi wao wa safari ni ndege. Kuna ndege mdogo wa asali ambaye mtu akimpigia mluzi hujibu, huruka mti hata mti mpaka kwenye mzinga, kisha hungoja. Mtu huchukua asali, ndege hula nta. Kazi na mshahara wake. Lakini upande wa ziwa Eyasi, ambako motokaa za wageni ni nyingi, watu waliokaa nao wameandika kwamba fedha za haraka zimeingiza pombe na ugomvi. Kwa hiyo nasema wazi: kwa Wahadzabe asiende mgeni kabla wao wenyewe hawajasema wangapi, lini, na fedha ishikwe na nani. Mtu si mnyama wa mbuga ya kutazamwa.

Tupite Haydom, penye hospitali kubwa ya Walutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, tufike Basotu. Kuna ziwa dogo katika shimo la volkano ya kale, na pembeni yake nyanda za ngano. Kuanzia miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua hapa mashamba 7 makubwa ya ngano. Mkate ukaliwa mijini. Lakini nchi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na makaburi ya wazee wao, ambayo huyajenga kwa heshima kubwa, mengine yalipitiwa na trekta. Katika miaka ya 1980 wenye nchi wakaenda mpaka mahakamani. Mgeni akiuliza ngano hii ilitoka wapi, aambiwe yote mawili. Ajapo hapo ale mkate wa ngano ya Hanang, na awasikilize Wabarabaig pia, wakipenda kusema.

Sasa tu Katesh, chini ya mlima wenyewe. Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, nao ni wa volkano iliyozimika zamani. Wageni huja kuupanda kwa siku 1 au 2. Na hapa yatubidi kunyamaza kidogo. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilishiba maji, ikameguka. Tope, mawe na magogo yakateremka mpaka Gendabi na Katesh. Watu 89 walihesabiwa kuwa wamekufa. Wako wasomaji wa ukurasa huu waliozika siku zile.

Watu wa Alpi wayajua hayo. Tarehe 2 Septemba 1806 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Goldau na kuua watu 457. Hivi karibuni, tarehe 28 Mei 2025, barafu na mawe vilikifunika kijiji cha Blatten, karibu chote. Lakini safari hii walikuwako watu waliokuwa wakiuangalia mlima. Wenyeji kama 300 walikuwa wamekwisha kuhamishwa pamoja na ng'ombe wao zaidi ya wiki moja kabla, na aliyekufa ni mtu mmoja tu. Vyombo vyao ni vya ghali. Ila jicho la mtu apandaye kila juma si la ghali. Vijana wa Katesh wanaowaongoza wageni ndio waonao ufa mpya kabla ya mtu mwingine yeyote, ndio wajuao kijito kilichobadili rangi. Wapewe njia ya kupeleka habari hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wilaya, tena isikilizwe siku hiyo hiyo.

Viongozi wa Chamonix, upande wa Ufaransa wa milima ile ile, waliunda chama chao mwaka 1821, baada ya wenzao 3 kufa katika theluji mwaka uliotangulia. Waliweka taratibu 2 ambazo zingetufaa. Ya kwanza, kila kiongozi huchukua mgeni kwa zamu, ili aliye hodari wa maneno asimalize wageni wote. Ya pili, fungu la fedha huwekwa kwa ajili ya aliyeumia na kwa mjane wa aliyekufa. Kikundi cha vijana 10 na daftari moja chatosha kuanza.

Aliye tayari kupanda, kibali hutolewa na watu wa misitu wa Serikali. Achukue maji ya kutosha tangu chini, kwa kuwa juu hakuna, na koti, na viazi vitamu vya kuchemsha vilivyofungwa na mama wa Katesh badala ya boksi la Arusha. Masika asipande. Aondoke kungali giza. Mawingu hufunga mapema. Akifika kileleni kabla hayajafunga, chini yake ataliona ziwa Balangida likimeta kwa chumvi, na mbali zaidi nyanda za Basotu.