Mbanguaji wa korosho, mkono unawasha? Hesabu siku

Vijana wa Magomeni mnaobangua wenyewe, hili linawahusu. Wataalamu wanagawa mzio (aleji) katika aina nne, mgawanyo wa Gell na Coombs wa mwaka 1963. Korosho inaweza kukuletea mbili.

Aina ya kwanza ni ya papo hapo. Mtu anakula punje, dakika chache tu midomo imevimba, vipele, pumzi inabana. Huyo mkimbizeni hospitali, msikae kumnywesha maziwa. Ndiyo maana kashata au biskuti unazouza ziandikwe wazi kwamba zina korosho.

Aina ya nne ndiyo inachanganya. Mafuta ya ganda yanagusa ngozi leo, mwasho na malengelenge yanakuja baada ya siku moja hadi tatu. Basi mtu analaumu sabuni! Kinga ya mwili ikishayakataa mafuta hayo, hata kiasi kidogo kinatosha kuuamsha mzio. (Yakiwa mengi yanamuunguza yeyote, hiyo si aleji.) Vaa glovu na mikono mirefu, nawa kabla ya kushika uso.

Na utomvu wa embe nao jihadhari: mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja.