Ngazi juu ya gari: kufunga katikati hakutoshi

Asubuhi, kwenye barabara ya Malindi pale Mtwapa, utawaona mafundi wakielekea kazini. Probox imejaa mikebe ya rangi, na juu ya keria kuna ngazi ya alumini iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nyuma yake ni bodaboda na abiria wake. Ngazi ikichomoka, wa kuipokea ni hao.

Wengi hufunga katikati tu. Lakini dereva akikanyaga breki ghafla, gari husimama na ngazi hutaka kuendelea mbele. Ukienda kasi, upepo nao huingia chini ya ncha ya mbele ukainyanyua. Kwa hivyo funga kwenye vyuma vyote viwili vya keria, kisha teremsha kamba nyingine kutoka ncha ya mbele hadi kwenye pete ya kuvutia gari, na nyuma vivyo hivyo. Ile ngazi ya kurefusha, funga kwanza vipande vyake viwili pamoja, maana cha ndani huteleza chenyewe.

Mpira hunyumbuka, basi huo si wa kutegemea. Kamba ya nailoni nayo hulegea ikirowa, na masika yetu mwayajua. Simama baada ya kilomita chache, hasa ukishapita matuta, uikaze tena. Sehemu inayotokeza nyuma ifungwe kitambaa chekundu, usiku, taa.

Na nyinyi mnaobeba ngazi kwa bodaboda, abiria kaiweka begani imekingama barabara nzima: jamani, tafuteni mkokoteni.