Subira si ucheleweshaji: Neno lililomponza fundi wa mtandao

MAJUZI alinijia ofisini kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa ni fundi wa mitandao katika chuo ambacho sitakitaja. Mkononi alikuwa na barua ya kumtaka ajieleze. Wanafunzi walikuwa katikati ya mtihani wa mtandaoni, kompyuta za jengo zima zikaganda, mtihani ukaharibika. “Prof, mimi niliondoa ucheleweshaji tu,” akaniambia. “Watu walikuwa wanalalamika ati mtandao unachukua muda kuamka.”

Mimi ni mtu wa isimu, si wa nyaya. Ila alivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sehemu ya kosa lake ilianzia kwenye neno.

Hebu tuanze na swichi, kile kisanduku chenye milango mingi ya nyaya kinachounganisha kompyuta za ofisini. Jengo kubwa huwa na swichi kadhaa, nazo huunganishwa kwa njia zaidi ya moja ili waya mmoja ukikatika, mwingine uwepo. Tatizo ni kwamba njia mbili huzaa mzunguko. Ujumbe unaotumwa kwa kompyuta zote hurudufiwa na kila swichi, na ithaneti haina alama ya kusema ‘huu umezunguka vya kutosha, uachwe’. Basi nakala huzaana hadi mtandao wote ukajaa, kufumba na kufumbua.

Dawa ilipatikana mwaka 1985. Radia Perlman, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment, alibuni utaratibu ambao swichi hujichagulia moja iwe mzizi, kisha njia za ziada zikazibwa hadi yabaki matawi yasiyorudi yalikotoka. Huo ni mti. (Perlman hata aliutungia shairi, wanaodai kwamba fasihi na sayansi hazipikwi chungu kimoja wamsome.) Mwaka 1990 utaratibu huo ukawa kiwango rasmi cha IEEE. Mimi ningeuita mti-fikio, maana humfikia kila mmoja kwa njia moja tu. Anayependelea mti-tandazi simgombezi, ingawa mmea unaotandaa hupenda kujizungusha, na mzunguko ndio tunaoukimbia.

Mti huu hulindwa na saa tatu. Ya kwanza ni ya salamu: mzizi hutoa salamu kila sekunde 2. Ya pili ni ukomo wa habari, sekunde 20. Swichi isiyopata salamu mpya kwa muda huo huitupa ile ya zamani na kuanza kutafuta njia nyingine. Ya tatu ndiyo iliyomponza kijana wangu. Kabla ya mlango kupitisha ujumbe, husikiliza kwa sekunde 15, kisha hujifunza nani yuko wapi kwa sekunde 15 nyingine. Jumlisha uone: njia ikikatika, yaweza kuchukua sekunde 50 kabla ya nyingine kufunguka. Kwa anayengoja, hiyo ni karne.

Kwa Kiingereza, saa hiyo ya tatu ina jina lenye maana ya kuchelewa kupeleka. Fundi akilisoma anaona kasoro, na kasoro huondolewa. Lakini mlango unaosikiliza haujachelewa. Unangoja habari za mabadiliko zifike mwisho wa mti, usije ukafunguka huku mwenzake wa mbali hajaziba. Kiswahili kina neno la hali hiyo: subira. Tuiite subira ya kufungua.

Tena tarakimu hizo hazikuokotwa. Zilipigiwa hesabu ya mtandao ambao ujumbe haupiti zaidi ya swichi 7 kutoka ncha hadi ncha. Vilevile zinabanana: toa 1 kwenye subira, zidisha kwa 2, na jibu lisipungue ukomo wa habari. Kijana wetu aliweka subira 4 na ukomo 6, viwango vya chini kabisa vinavyoruhusiwa. Hesabu ilikubali, swichi hazikulalamika, watu wakafurahi. Kumbe habari huzeeka kwa sekunde 1 hivi kila ipitapo swichi. Siku ya mtihani waya mkuu ulikatika, salamu zikapitia njia ndefu, zikafika kwa swichi za mwisho zikiwa kongwe. Swichi hizo zikadhani mzizi umekufa, zikaanza kufungua milango iliyozibwa. Yaliyofuata mnayajua.

Hata bila kugusa saa, kipimo hicho cha 7 huadhibu. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, ulianguka kwa siku 4 hivi. Ulikuwa umekua kipande baada ya kipande hadi baadhi ya sehemu zikavuka kipimo. Madaktari walirudia kalamu na karatasi.

Je, saa hizi zisiguswe kamwe? La. Palipo na swichi 3 tu, ukomo waweza kuwa 12 na subira 9, na zile 50 zikawa 30. Ila hesabu swichi kwanza, na ubadilishe kwenye mzizi na kwenye swichi itakayourithi, kwa kuwa nyingine zote hufuata saa ya mzizi. Ama malalamiko ya watu, hayo yalikuwa na tiba nyepesi: mlango wa kompyuta ya kawaida waweza kuruhusiwa ufunguke papo hapo. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2001 kuna utaratibu ambao swichi huulizana na kujibizana badala ya kukodolea saa macho, na njia mpya hufunguka aghalabu ndani ya sekunde chache. Nilimuuliza kijana kama swichi zake zinao. Zinao. Hakuna aliyeuwasha.

Barua tuliiandika pamoja. Pale aliposema ‘niliondoa ucheleweshaji’ alifuta, akaandika ‘nilipunguza subira bila kuhesabu swichi’. Anangoja jibu.