MAFAO YA WATUMISHI WA VYAMA: UGONJWA, UZAZI NA KUKOSA KAZI

Vyama vingi vya msingi vina watumishi wachache: katibu, karani wa hesabu, mlinzi wa ghala, na msimu wa mazao unapofika huongezeka wapimaji na wapakizi. Kwa kuwa watumishi hao ni wachache, tena hufahamiana na wanachama tangu utotoni, mambo yao mara nyingi huendeshwa kwa kuaminiana. Kuaminiana ni tabia njema ya ushirika. Hata hivyo, mtumishi anapougua, anapojifungua au anapoachishwa kazi, madai yake hayaamuliwi kwa kuaminiana bali kwa maandishi. Asiye na maandishi hurudi mikono mitupu, hata kama haki yake ni wazi.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba dai la mafao hushinda au hushindwa miezi mingi kabla ya kufikishwa kwenye ofisi ya Mfuko. Hushinda au hushindwa mezani pa katibu wa chama, siku ile anapolipa au anapoacha kulipa michango ya mwezi.

Nani hulipa nini

Makosa mengi hutokana na kuchanganya milango ya kupeleka madai. Milango hiyo ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni mwajiri, yaani chama chenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kulipa likizo ya ugonjwa, likizo ya uzazi na likizo za dharura za kifamilia. Mlango wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 kurithi Akiba ya Wafanyakazi, ambayo wazee wa ushirika wanaikumbuka. Mfuko huo ndio unaolipa fao la uzazi na fao la kukosa ajira. Mlango wa tatu ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao hushughulikia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi tu. Michango ya mfuko huu wa tatu ni ya mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kukatwa katika mshahara wa mtumishi.

Mpakizi aliyeangukiwa na gunia ghalani na karani aliyeshikwa na homa ya matumbo wote ni wagonjwa, lakini hawapiti mlango mmoja. Ajali ya mpakizi sharti mwajiri aitolee taarifa kwa WCF ndani ya siku 7 tangu apate habari zake. Homa ya karani ni likizo ya ugonjwa ya kawaida, na mlipaji wake ni chama.

Likizo ya ugonjwa

Mtumishi anastahili siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Sharti kubwa ni cheti cha mganga. Mwajiri halazimiki kulipa siku za ugonjwa zisizokuwa na cheti. Lakini cheti kikiletwa, chama hakina hiari ya kulipa au kutolipa. Katibu ahifadhi nakala katika jalada la mtumishi, na aandike katika daftari la likizo ni siku ngapi zimekwisha kutumika. Bila daftari hilo, hakuna awezaye kujua nusu mshahara inaanza lini, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Uzazi na mambo ya familia

Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku zisizopungua 84, au siku 100 ikiwa mama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mtumishi anatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotazamia kujifungua, pamoja na cheti cha mganga. Anaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe hiyo. Arudipo kazini, anastahili muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku katika saa za kazi.

Baba wa mtoto anastahili siku zisizopungua 3 zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kadhalika zipo siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa ajili ya kuuguliwa au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye.

Mbali ya likizo hiyo, mwanachama wa NSSF anaweza kudai fao la uzazi katika Mfuko. Hapo masharti ni mengine: awe amechangia kwa miezi isiyopungua 36, na kati ya hiyo miezi 12 iwe ndani ya miaka 3 iliyotangulia kujifungua. Haya ni mambo mawili tofauti. Likizo ni wajibu wa chama. Fao ni dai la mwanachama kwa Mfuko wake. Chama kisitumie moja kukwepa jingine.

Vipi kuhusu watumishi wa msimu? Kwa kawaida aliyetumikia chini ya miezi 6 hana haki ya likizo zenye malipo. Lakini sheria haikumwacha nje mtumishi wa msimu, wala yule anayeajiriwa zaidi ya mara moja kwa mwaka na mwajiri yule yule, ikiwa jumla ya muda wake inazidi miezi 6 katika mwaka huo. Kwa hiyo tarehe za kuanza na kumaliza kila msimu ziandikwe.

Kukosa kazi

Hadi mwaka 2018 watu wengi walizoea fao la kujitoa. Sheria ya mwaka huo ilileta badala yake fao la kukosa ajira. Anayestahili ni raia wa Tanzania aliyechangia miezi isiyopungua 18, ambaye kazi yake imekoma pasipo yeye mwenyewe kuiacha kwa hiari, na ambaye hajapata kazi nyingine. Hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo nusu ya michango yake mwenyewe.

Mathalani karani mwenye mshahara wa shilingi 400,000 ameachishwa kazi kwa sababu chama kimepunguza watumishi. Fao lake ni shilingi 133,200 kwa mwezi, na kwa miezi 6 jumla ni shilingi 799,200. Huo si utajiri, lakini ni unga wa nyumba na ada ya shule wakati anatafuta kazi. Sasa ikiwa katibu, kwa kutaka kufunga jalada upesi, ameandika katika barua kwamba karani huyo “ameacha kazi”, fedha hizo zimepotea kwa maneno mawili. Sababu ya kukoma kwa kazi iandikwe kama ilivyo.

Wala chama kisidhani kwamba fao la Mfuko linafuta kiinua mgongo. Aliyetumikia mfululizo miezi 12 au zaidi, akaachishwa pasipo kosa la nidhamu, anastahili mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Karani wa miaka 4 ana siku 28 za kulipwa, pamoja na notisi na cheti cha utumishi.

Michango isiyopelekwa

Shina la matatizo liko hapa. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mtumishi isizidi asilimia 10. Kwa karani wa mfano uliotajwa, chama hupeleka shilingi 80,000 kila mwezi, na kiwango cha juu cha kumkata ni shilingi 40,000. Michango sharti ifike Mfukoni ndani ya mwezi unaofuata.

Katika vyama vinavyotegemea ushuru wa mazao, fedha huwa chache kabla ya mnada, na mchango ndio wa kwanza kuahirishwa. Mtumishi huona makato katika hati ya mshahara akadhani yuko salama, kumbe Mfukoni hakuna kitu. Akijifungua au akiachishwa kazi, miezi yake haitimii. Fedha iliyokatwa katika mshahara si ya chama. Kuitumia kwa mafuta ya gari au posho ya kikao ni kutumia mali ya mtu mwingine. Tena deni hilo hukua kwa adhabu, na mwishowe hulipwa na wanachama wote kutokana na jasho la mazao yao.

Mambo ya kutekeleza

1. Kila mtumishi awe na mkataba wa maandishi na jalada lake.

2. Stakabadhi za michango zisomwe mbele ya bodi kila robo mwaka.

3. Kila mtumishi aulizie taarifa ya michango yake Mfukoni walau mara moja kwa mwaka, badala ya kungoja siku ya shida.

4. Barua za kuachishwa kazi zieleze sababu halisi na tarehe.

5. Mgogoro usipopatana chamani, upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ndani ya siku 30 kwa suala la kuachishwa kazi, na ndani ya siku 60 kwa madai mengine.

Mwanachama mkulima asiseme kwamba haya hayamhusu. Ni kweli yeye si mtumishi wa chama, na fao la kukosa ajira si lake. Lakini yeye ndiye mwajiri. Katika mkutano mkuu ana haki ya kuuliza kama michango ya mlinzi wa ghala imelipwa, kama anavyouliza bei ya mazao.