Kutoka Mfanano hadi Sharti: Maendeleo ya Viashiria vya Masharti katika Lugha ya Kichina

Katika Kiswahili, aina ya sharti hubainishwa na kiambishi kilichomo ndani ya kitenzi. "Akija nitamlipa" ni sharti ambalo bado linaweza kutimia. "Angalikuja ningalimlipa" ni sharti lililokwisha kupita, ingawa wasemaji wengi wa leo hutumia -nge- mahali ambapo vitabu vya sarufi hudai -ngali-. Kitenzi cha Kichina hakipokei viambishi vya namna hiyo. Tofauti hiyo iliwahi kupewa uzito mkubwa. Mwanasaikolojia Alfred Bloom, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alidai kwamba kwa kukosa umbo maalumu la kitenzi, wasemaji wa Kichina hupata ugumu wa kufikiri kuhusu mambo yaliyo kinyume na hali halisi. Huko Hong Kong aliwauliza watu wangefanya nini iwapo serikali ingepitisha sheria fulani, na baadhi yao wakajibu tu kwamba serikali haijapitisha sheria hiyo. Mwaka 1983, Terry Au alifanya majaribio ya aina hiyo kwa kutumia hadithi zilizoandikwa katika Kichina chenye ufasaha zaidi, na ugumu alioudai Bloom haukujitokeza. Makala haya yanalitazama suala hilo kupitia historia ya viashiria vyenyewe.

Kichina cha kale kabisa kinachosomeka leo ni kile cha maandishi ya ramli yaliyochongwa juu ya magamba ya kobe na mifupa ya mabega ya ng'ombe huko Anyang, mnamo mwaka 1200 kabla ya Kristo. Humo, sharti na tokeo lake mara nyingi ni vishazi viwili vilivyowekwa sambamba bila kiunganishi: mfalme anakwenda kuwinda, hakuna balaa. Muundo huo haujatoweka. Mchina wa leo akisema *ni qu, wo ye qu*, yaani "wewe unakwenda, nami nakwenda", msikilizaji huelewa "ukienda, nami nitakwenda". Mwanafunzi anayeanza Kichina hufundishwa jozi ya *ruguo* na *jiu* kana kwamba sentensi haiwezi kusimama bila jozi hiyo. Mafunzo hayo humpa picha isiyo sahihi, kwa kuwa kiashiria katika Kichina ni nyongeza inayotumiwa pale msemaji anapoihitaji.

Nyongeza hizo zilitoka wapi? Katika Kichina cha maandishi ya kale, viashiria viwili vikuu ni *ru* (如) na *ruo* (若). Vyote viwili ni vitenzi vyenye maana ya "kufanana na". Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali ili kuielewa njia hiyo, kwani neno "kama", lililotokana na Kiarabu, linafanya kazi zote mbili: "mrefu kama baba yake" na "kama atakuja". Anayefananisha huweka hali moja kando ya nyingine. Anayeweka sharti hufanya vivyo hivyo, ila hali ya kwanza ni ya kudhania. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimepita njia ileile.

Kundi la pili ndilo lenye uzito katika mjadala wa Bloom. *Shi* (使) ni "kusababisha" na *ling* (令) ni "kuamuru". Kutoka "fanya jambo hili liwe" hadi "tuseme jambo hili limekuwa" ni hatua fupi: msemaji huiamuru hali iwepo katika fikra, ijapokuwa haipo duniani. Baadaye viliungana na *jia* (假), "kuazima", ambalo pia lina maana ya "bandia", vikazaa *jiashi* na *jialing*. Viashiria hivi mara nyingi hutangulia jambo ambalo msemaji anajua kwamba halikutokea. Kiko pia *wei* (微), ambacho hutangulia nomino kwa maana ya "isingekuwa fulani", na kinachofuata ni jambo ambalo lingetokea lakini halikutokea. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, Kichina kilikuwa na neno la kazi hiyo hasa. Bloom alilitafuta umbo katika kitenzi, mahali ambapo sarufi ya Kiingereza huliweka, na kutolikuta hapo hakuthibitishi kwamba fikra yenyewe haikuwepo.

*Wei* lilipoacha kutumika, kazi yake haikubaki wazi. Kitenzi *yao* (要), "kutaka", kilipata maana ya sharti, kikaungana na *shi* (是), "ni", kikawa *yaoshi*, umbo lililojaa katika mazungumzo ya wahusika wa riwaya ya *Honglou meng* ya karne ya 18. Kikikanushwa huwa *yaobushi*. Sentensi *yaobushi ni, wo jiu chidao le*, neno kwa neno "kama si wewe, mimi basi nimechelewa", humaanisha "isingekuwa wewe, ningechelewa". Karibu kila mara *yaobushi* hueleza jambo lililo kinyume na ukweli, na kitenzi hakibadiliki hata kidogo. *Ruguo* (如果), iliyo maarufu zaidi leo, ni *ru* ya kale iliyoongezewa *guo*, "kweli".

Vyote hivyo hukaa mwanzoni mwa kishazi au karibu na hapo. *Dehua* (的话) hukaa mwishoni. Imejengwa kwa kiunganishi cha umilikishi *de* na *hua*, "maneno", na inaweza kubeba sharti peke yake au kushirikiana na *ruguo*. Yuen Ren Chao alionesha mwaka 1968 kwamba kishazi cha sharti katika Kichina hupokea vijineno vya kituo vilevile vinavyofuata kiima; miaka 10 baadaye John Haiman alipendekeza kwamba katika lugha nyingi sharti ni mada, yaani jambo linalowekwa mezani kabla ya kusemewa. *Dehua* inaliunga mkono pendekezo hilo kwa namna iliyo wazi, kwa kuwa hufuata hata nomino tupu. *Mingtian dehua* inaweza kutafsiriwa "kuhusu kesho" au "ikiwa ni kesho". Mfasiri wa Kiswahili analazimika kuchagua moja; msemaji wa Kichina halazimiki.